Chuma Ulichoangusha Bado Ni Chako

Maneno haya, juu ya sumaku na vipande vya chuma tunavyoviangusha kazini, niliyasema Jumamosi asubuhi hapa Tanga mjini, mbele ya mafundi wa kuchomelea, watu wa gereji, mafundi pancha, bodaboda na wafugaji wachache. Wengi mlikuwa kazini mkaniomba niyaandike. Nimeyaweka kama nilivyoyasema, na pale nilipoonyesha kitu mkononi nimekieleza kwa maneno.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, mmeamkaje? Vijana, nawaona, na nawashukuru. Kufunga kibanda Jumamosi, siku ya hela, uje kumsikiliza fundi mwenzako akiongea, si jambo dogo.

Nitaanzia baharini, maana sisi ni watu wa Tanga.

Wazee wa pwani hii walikuwa na chombo kikiitwa mtepe. Wenzetu wa Lamu walisifika sana kwa chombo hicho. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Wageni wa mbali waliposikia kwamba katika bahari hii watu wanasafiri na vyombo vya kushonwa, walishangaa, wakatunga sababu. Wakasema: kule baharini kuna mlima wa sumaku. Chombo chenye misumari kikipita karibu, misumari yote inachomoka yenyewe, inaurukia mlima, mbao zinaachana na watu wanazama. Hadithi hiyo ina umri mkubwa. Katika karne ya 6 ilikuwa tayari inasimuliwa, na tayari alikuwapo mtu aliyeikanusha kwa maandishi, akisema vyombo vya Warumi vimejaa chuma na vinapita Bahari ya Shamu salama salimini.

Mlima huo haupo. Wazee walishona kwa sababu walijua kushona, na kamba walikuwa nayo. Lakini nawaambieni ukweli wa moyo wangu: kila ninapofunga banda langu jioni, nautamani mlima ule. Natamani upite usiku mmoja tu mtaani kwetu. Upite Ngamiani, upite Makorora, upite Mabawa, uchomoe kila msumari, kila kipande cha nondo, kila waya tuliouangusha tangu tuanze kazi. Asubuhi tuamke ardhi ikiwa safi kama ilivyoumbwa.

Mlima hatuna. Ila kipande chake tunacho, na kila mmoja wenu ana kimoja nyumbani. [Hapa niliinua sumaku ya spika, ile pete nyeusi nzito inayokaa nyuma ya spika ya redio.] Hiki ndicho nilichokuja kukizungumzia. Hiki, na vile tunavyoviangusha.

Hebu tuulizane. Geti moja la milango miwili, la mabomba ya kawaida, lina mikato mingapi? Umewahi kuhesabu? Mimi nimehesabu geti langu la mwisho, nikaacha kuhesabu nilipofika 60. Sasa, diski ya milimita 3 inakula milimita 3 za bomba kila unapokata. Bomba lilikuwepo, sasa halipo. Limekwenda wapi? Limekuwa cheche, na cheche zikipoa ni vumbi la chuma. Vijiti vya kuchomelea je? Kila kijiti tunakitumia mpaka kinafika karibu na koleo, kisha tunakitupa kipande kilichobaki, urefu wa vidole vitatu, chenye ncha. Tunakitupa wapi? Semeni wenyewe. [Watu wakajibu: “Chini!”] Chini. Na tukimaliza tunafagia kwa chelewa. Chelewa zinaondoa majani na makaratasi. Kile kipande cha kijiti kinapita katikati ya chelewa kinabaki palepale, kinazama mchangani, kinasubiri.

Kinamsubiri nani?

Nitawaambia kimoja changu kilimsubiri nani. Jambo hili sikuwahi kulisema hadharani, na nimeomba ruhusa ya familia kulisema leo bila kutaja jina.

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga madirisha kwenye nyumba moja inayojengwa, upande wa Kange. Nilimaliza, nikalipwa, nikaondoka. Kama wiki moja baadaye kijana wa mkokoteni alileta mchanga pale. Alikuwa na kandambili, na kandambili zenyewe zimelika kisigino. Akakanyaga kitu. Akakichomoa, akapangusa damu, akamwaga mchanga wake, akaendelea na kazi, maana kijana wa mkokoteni hana siku ya kukaa nyumbani kwa sababu ya kidonda cha msumari. Siku ya nane mdomo ukawa hauwezi kufunguka vizuri. Mama yake akadhani ni jino. Kesho yake shingo ikakaza, kisha mgongo.

Ilikuwa pepopunda.

Nilikwenda hospitali kumwona. Nani amewahi kuona mgonjwa wa pepopunda? Wamelaza kijana kwenye chumba wamefunika dirisha, kwa sababu mwanga unamwamsha mwili. Mlango ukigongwa, mwili wote unakaza, unapinda kama upinde, na akili yake ni nzima, anasikia kila kitu, anaona kila kitu. Mama yake alikuwa amevua bangili zake akazifunga kwenye ncha ya khanga ili zisilie. Zile bangili ndizo ninazozikumbuka mpaka leo. Alikuwa anakwenda kwa kunyata kwenye chumba cha mwanawe, siku baada ya siku, kwa wiki tatu na zaidi.

Alipona, alhamdulillahi. Wengi hawaponi. Baba yake alinionyesha kile kitu kilichomchoma, alikuwa amekiweka ndani ya kiberiti. Kilikuwa kipande cha kijiti cha kuchomelea, urefu wa vidole vitatu. Pale site hakukuwa na fundi mwingine wa kuchomelea. Nilikuwa mimi peke yangu.

Ndugu zangu, chuma ulichoangusha bado ni chako. Umelipwa, umeondoka, umelala, lakini bado ni chako.

Kabla sijaendelea, niwatoe kwenye kosa moja ambalo nami nilikuwa nalo. Tunasema kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Siyo kutu. Ni kijidudu kinachokaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, na kinapenda jeraha jembamba la kuingia ndani, mahali hewa haifiki. Msumari mpya unaong'aa, ukiwa umelala kwenye udongo, unakupa pepopunda sawasawa na ule wa kutu. Kwa hiyo ukichomwa, usikiangalie chuma ukasema “hiki hakina kutu, niko salama.” Osha kwa maji mengi na sabuni, nenda kituo cha afya, uliza chanjo ya pepopunda. Mama zetu wanapata chanjo hii wakiwa wajawazito. Sisi wanaume, nani anakumbuka lini alichanjwa mara ya mwisho? Nyoosheni mikono. Mnaona? Watatu.

Sasa twende kwenye jicho.

Hili nalieleza kwa haraka kwa sababu kila fundi hapa anayo ya kwake. Langu lilikuwa jicho la kulia. Nilikuwa nimekwisha maliza kukata, miwani nimeivua, nimeiweka juu ya meza. Nikachukua bomba la upepo la kompresa nikapuliza meza iwe safi. Kile kivumbi kilichokuwa kimetulia, mimi mwenyewe nikakiamsha, kikaja kwenye jicho langu. Rafiki yangu akajaribu kukitoa kwa ncha ya khanga. Hakikutoka. Nikalala nacho. Asubuhi daktari akaniambia chuma kikikaa juu ya jicho, machozi yanakifanya kishike kutu ndani ya saa chache tu, na kutu hiyo inaacha pete. Akatoa chuma, kisha akaanza kukwangua pete. Kukwangua, ndugu zangu, jicho lako, wewe ukiangalia.

Tangu siku hiyo kompresa yangu haipulizi meza. Haipulizi nguo nilizovaa, haipulizi sakafu. Upepo hauondoi chuma, unakihamisha tu, na hujui umekihamishia kwa nani. Sumaku inakikamata. Naomba mlishike hili kuliko yote nitakayosema leo, vijana hasa: kwenye banda la chuma, sumaku kwanza, fagio la pili, na bomba la upepo liache lijaze matairi.

Kuna mama mmoja wa Uswisi, Marie Colinet, mkunga na mganga wa majeraha. Mwaka 1624 alimtoa mgonjwa kipande cha chuma kwenye jicho kwa kutumia jiwe la sumaku. Mumewe alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri, na ndiye aliyeandika habari hiyo akampa mkewe sifa yake. Nawasimulia ili mjue watu wamejua nguvu ya kitu hiki kwa miaka 400. Lakini tafadhali sana, usiende nyumbani ukajaribu! Chuma kilichozama ndani ya jicho, ukikivuta kwa sumaku bila kujua kimekaa vipi, kinaweza kuchana kinapotoka. Kazi hiyo ni ya daktari wa macho.

Na mkienda hospitali kubwa wakataka kuwapiga picha kwenye ile mashine ya sumaku, inaitwa MRI, watawauliza kama mmewahi kufanya kazi ya chuma. Msiseme hapana kwa kuogopa kucheleweshwa. Kuna fundi wa bati, habari yake iliandikwa na madaktari mwaka 1986, alikuwa na kipande kidogo jichoni asichokijua. Mashine ikakivuta, jicho hilo likapofuka.

Sasa wafugaji. Mmekaa kimya muda wote na pengine mnajiuliza mmeitiwa nini kwenye mkutano wa mafundi.

Yuko mama hapa mbele, ametoka Pongwe. Ameniruhusu niseme. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa, mzuri, mpole. Siku moja maziwa yakakatika ghafla. Ng'ombe akawa hali, anasimama ameupinda mgongo, viwiko ameviweka nje, akishuka mteremko anaguna kama mzee. Akapewa dawa ya minyoo, akapewa dawa ya homa. Mwishowe akachinjwa. Mchinjaji alipofungua kifua akarudi nyuma kwa harufu. Kuzunguka moyo kulikuwa na usaha, na ndani ya usaha kulikuwa na kipande cha waya, ule waya mwembamba wa kufungia nondo.

Mama akautazama waya, akakumbuka nyasi alizokata kando ya nyumba iliyokuwa inajengwa.

Ng'ombe hali kama mbuzi. Mbuzi anachagua kwa midomo, jani kwa jani. Ng'ombe anazoa kwa ulimi, anameza, atatafuna baadaye akicheua. Chuma kikiingia kinashuka kwenye tumbo la pili, lile lenye vijumba kama sega la nyuki. Tumbo hilo na moyo ni majirani, ukuta baina yao ni mwembamba. Tumbo linapojikamua, waya unasukumwa mbele. Kilicho mbele yake ni moyo.

Je, dawa ipo? Ipo, nayo ni sumaku. Kuna sumaku laini, duara, ndefu kama kidole, ng'ombe anamezeshwa mara moja tu. Inashuka kwenye tumbo lile lile na kukaa humo maisha yake yote. Msumari au waya ukiingia unanaswa, unalala ubavuni mwa sumaku, hauzungukizunguki kutafuta moyo. Katika nchi za ufugaji mkubwa ni jambo la kawaida. Muulizeni daktari wa mifugo wa kata yenu. Msichukue sumaku ya spika mkaivunja mkamlisha, pembe zake ni kali na itamkata.

Lakini mama huyu hakuja hapa kuomba sumaku ya ng'ombe. Alipokuja kibandani kwangu mara ya kwanza alikuwa ameushika ule waya, akaniuliza swali moja: “Mwanangu, nyie mkimaliza kazi, hivi huwa mnaviacha hivi hivi?” Sikuwa na jibu. Mkutano huu umetokana na swali hilo.

Basi, tunafanyaje?

Sumaku ya spika ni bure. Spika ikichanika karatasi, sumaku yake bado ni nzima. Ninazo fagio tatu nilizozitengeneza, ziko pale nje, mtaziona. Kwa kila moja nimechukua sumaku sita za spika, nikazipanga kwenye ubao wa futi tatu. Ukizipanga pembeni kwa pembeni na zikawa zinasukumana, geuza moja juu chini zitatulia. Nimezifunika kwa bati la alumini, nikaweka magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, na mpini. Kutoka ardhini mpaka kwenye bati ni unene wa vidole viwili. Ukiinua zaidi hapo unajidanganya. Nguvu ya sumaku inapungua upesi mno kadiri unavyokwenda mbali. Msumari unaorukia sumaku ukiwa umbali wa vidole viwili, kwa umbali wa shibiri haujali hata kidogo.

Kwa nini bati la alumini? Kwa sababu sumaku haishiki alumini, nguvu yake inapita. Chuma kinanasa kwenye bati, siyo kwenye sumaku yenyewe. Ukishamaliza unatenganisha ubao na bati, chuma chote kinadondoka kwenye ndoo, pwaa! Usipoweka kizuizi utakaa siku nzima unakwanyua vumbi la chuma kwenye sumaku kama unayenyofoa manyoya ya kuku. Zamani ningewaambia mvalishe mfuko wa rambo, lakini mifuko hiyo tuliiaga Juni 2019, na tuliiaga kwa heri. Kipande cha suruali kuukuu kinatosha kwa sumaku ndogo ya mkononi. Chupa ya maji iliyokatwa kitako inafaa zaidi: ingiza sumaku ndani, pitisha juu ya meza, nenda kwenye ndoo, vuta sumaku, chuma kinaanguka.

Kijana wangu mmoja wa kazi, hodari, aliona mpini wa fagio unalegea. Akafikiri kama fundi wa kuchomelea anavyofikiri: akauchomelea. Akachomea bapa la chuma kwenye bamba la chuma lililoshikana na sumaku. Lilishika imara, kazi nzuri kabisa ya mkono. Kesho yake sumaku ile haikuokota hata pini. Alidhani amerogwa! Hakurogwa. Moto unaua sumaku. Hata chuma chenyewe, kikifika nyuzijoto 770, sumaku haikishiki tena mpaka kipoe. Sumaku za kisasa, zile ndogo za rangi ya fedha zilizomo kwenye kompyuta na spika ndogo, zenye nguvu ya ajabu, zinaanza kudhoofika hata kwenye nyuzijoto 80, kabla maji hayajachemka. Kwa hiyo sumaku funga kwa skrubu au kwa gundi. Usiichomelee.

Na hizo ndogo za rangi ya fedha nina neno nazo. Mbili zikikutana kidole chako kikiwa katikati, utapiga kelele. Hilo ni dogo. Kubwa ni watoto. Mtoto akimeza mbili, zinatafutana ndani ya tumbo, zinabana utumbo baina yake mpaka unatoboka. Mtoto akimeza, usisubiri atoe, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Bora msiziache mezani kabisa. Fagio la ufundi linatosha kwa zile kubwa nyeusi.

Watu wa gereji, ninyi mna matumizi mengine ambayo sitayachambua sana kwa kuwa mnayajua kuliko mimi: kijiti cha sumaku cha kuokotea nati iliyoangukia kwenye injini, bakuli la sumaku la kuwekea boliti, na nati ya kumwagia oili yenye sumaku nchani. Ile ya mwisho ni shahidi. Ukiifungua ukakuta ute mweusi mwembamba, ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vijipande vya kushikika, gia inakuambia jambo, mwambie mwenye gari siku hiyo hiyo.

Na kama yupo hapa mwenye mashine ya kusaga, nina swali lake peke yake. Zile nyundo za mashine yako zikilika unabadilisha, siyo? Kile kilicholika kiko wapi? Kiko kwenye unga. Sisi tumekula. Sumaku moja mdomoni mwa mashine itakamata boliti na msumari uliokuja na mahindi kabla haujapasua chekeche, na nyingine pale unga unapotokea itakamata kinachotoka kwenye nyundo. Zisafishwe kila siku. Ukizisafisha mara ya kwanza utashikwa na huzuni.

Sasa naogopa kitu. Naogopa mtoke hapa mkidhani sumaku ni kila kitu, mtupe chelewa. Msitupe chelewa.

Tarehe 25 Julai 2000, ndege ya Concorde ilikuwa inaruka kutoka Paris. Ndege ya fahari, yenye mbio kuliko sauti. Njiani, kabla haijaacha ardhi, ilikanyaga ukanda wa metali uliodondoka kutoka ndege nyingine iliyoruka dakika chache kabla. Urefu wake kama sentimita 43, kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Tairi likapasuka. Kipande cha mpira kikapiga tangi la mafuta, moto ukawaka. Watu 109 waliokuwa ndani wote walikufa, na wengine 4 waliokuwa chini. Watu 113, kwa kipande kilichoachwa njiani.

Na kipande kile hakikuwa cha chuma chetu hiki, kilikuwa cha titani, metali nyingine kabisa. Titani haishikwi na sumaku. Ungepitisha fagio langu pale mara mia, lisingekigusa.

Kwa hiyo mjue vitu ambavyo sumaku haivijui. Haishiki alumini. Haishiki shaba nyekundu wala ya manjano. Haishiki risasi. Stenlesi nyingi, zile za masinki na za reli za ngazi, haishiki au inazigusa kwa uvivu tu. Ukikata madirisha ya alumini, sumaku itapita juu ya vipande vyake kama haijaviona, na ukingo wa alumini unakata mguu kama wembe. Hapo ni macho na fagio. Piteni kwa sumaku, kisha piteni kwa macho, na jua likiwa limelala upande, saa kumi na moja hivi, kwa sababu mwanga wa pembeni unafanya kila kipande king'ae.

Wavuvi na vijana wa pale Deep Sea, nimesikia mmeanza kufunga sumaku kwenye kamba na kuitupa baharini kuokota vyuma chakavu. Sina ugomvi na riziki ya mtu. Lakini kumbukeni mji huu ulipiganiwa Novemba 1914, Waingereza na majeshi kutoka India dhidi ya Wajerumani, na meli zilikuwa palepale bandarini. Katika nchi za Ulaya watu wanaovua kwa sumaku wamewahi kuibuka na mabomu ya vita vya zamani. Ukivuta kitu cha duara, kizito, kimevaa kutu na huelewi ni nini, usikigonge kwa nyundo, usikipeleke kwa mnunuzi wa skrepa. Kiache, sogea mbali, waite polisi.

Nimesema mengi. Sasa makubaliano, na nataka tukubaliane kwa sauti.

Fundi anayefunga geti, dirisha au paa kwenye nyumba ya mtu, asichukue malipo ya mwisho kabla hajapitisha sumaku kwenye eneo alilofanyia kazi. Mwenye nyumba aione ndoo. Tunakubali? [“Tunakubali!”] Kila kibanda kiwe na kopo la kuweka mabaki ya vijiti, lifungwe kwa waya kwenye meza, lisiende popote. Tunakubali? Na fagio hizi tatu nilizotengeneza, moja ikae kwa mafundi pancha wa barabara ya Pangani, kwa sababu wao ndio wanaolijua eneo lenye misumari kuliko mtu yeyote. Nisemeje, fundi pancha? Najua msumari unakuletea mteja. Lakini mteja mwingine ni bodaboda aliyepakia mama na mtoto, na tairi lililochomwa ni la mbele. [Hapa mzee mmoja, fundi pancha wa siku nyingi, alisimama akasema: “Lete hilo fagio. Nitapita nalo mimi mwenyewe kila alfajiri.” Watu wakampigia makofi marefu, nami pia.]

Ahsante, baba. Mungu akuzidishie.

Ile ya pili itakwenda na huyu mama wa Pongwe, akaazimishane na wafugaji wenzake, wapitishe wanapokata majani karibu na nyumba zinazojengwa. Ya tatu itabaki hapa, iazimwe kama ngazi inavyoazimwa, na irudi.

Chakula kipo, na harufu yake nimeisikia. Lakini uwanja huu tuliokaa, watoto wa madrasa wanacheza mpira hapa saa kumi, na wengi wao ni miguu mitupu. Wiki mbili zilizopita, wakati tunatengeneza lile banda la kivuli, tulikata nondo pale kwenye kona, karibu na tangi la maji. Nani alifagia? Mimi nilikuwepo, na tulifagia kwa chelewa.

Haya, tutoke. Wazee mkae kivulini mtutazame. Vijana wawili washike fagio, wengine mbebe ndoo. Tunaanzia pale kwenye kona ya tangi.